Karamu Isiyo na Ngano: Ulezi na Ukarimu katika Nchi ya Ufipa

Wazee wetu walipotaka kuupima ustaarabu wa mji hawakuuliza una nyumba ngapi wala mifugo mingapi. Waliuliza jinsi mgeni anavyopokewa humo, anakalishwa wapi, na anapewa nini ale. Methali isemayo Mgeni njoo mwenyeji apone yatokana na fikira hiyo, kwani yatufundisha kwamba ajaye kula kwetu hutuletea heri pamoja na njaa yake. Karamu, basi, si suala la matumbo tu. Ni mahali ambapo jamii hujionyesha ilivyo.

Makala hii yakusudia kueleza habari za karamu katika nchi ya Ufipa, mkoani Rukwa, na hasa habari za nafaka iliyokuwa msingi wa karamu hizo, yaani ulezi. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba historia ya ulezi inafifia katika mawazo ya vijana wetu, ambao wengi wao huijua nafaka hiyo kama uji wa watoto wachanga na wagonjwa. Ya pili ni kwamba wako wenzetu ambao miili yao haipatani na ngano hata kidogo. Watu hao leo hukaa katika sherehe zetu wakiwa na njaa mbele ya sahani zilizojaa, na hali hiyo hutokea hata katika nchi ambayo kwa karne nyingi iliandaa karamu zake bila ya punje moja ya ngano. Twaona kwamba mambo haya mawili yana uhusiano, na kwamba mwalimu na mwanafunzi wanaweza kujifunza kitu kwa kuyatazama pamoja.

Nchi na kilimo chake

Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya uwanda huo ina kimo cha zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi, iliyo karibu na mji wa Sumbawanga, hupita mita 2,000. Jina la mji huo, kwa maelezo ya wenyeji, maana yake ni tupa uchawi. Hewa ya huko ni ya baridi, mvua hunyesha tangu mwezi wa Novemba hadi Aprili, na macho ya msafiri huona majani mengi kuliko miti.

Uchache huo wa miti ndio uliowafanya Wafipa wabuni kilimo chao cha pekee. Jirani zao wa kusini, Wabemba wa nchi ya Zambia, hukaa katika misitu. Wao walikata matawi, wakayakusanya, wakayachoma, na kupanda ulezi katika majivu yake; utaratibu huo huitwa chitemene. Mfipa hakuwa na matawi ya kuchoma. Kwa hiyo alichukua jembe, akayageuza majani ya mbuga pamoja na udongo wake, akayafukia katika matuta ya duara yaitwayo intumba. Kazi hiyo ilifanywa wakati mvua ingali ikinyesha na ardhi ni laini. Majani yalioza ndani ya tuta na kuwa mbolea, na juu ya tuta pengine palipandwa maharage. Msimu uliofuata, mvua zilipoanza, matuta yalivunjwa na kusambazwa, na ndipo ulezi ulipomwagwa shambani. Wataalamu wa kilimo wa zama zetu wameusifu sana utaratibu huo, maana huirutubisha ardhi bila ya mbolea ya kununua na bila ya kuteketeza msitu.

Kilimo cha jembe chahitaji chuma, na Ufipa ilikuwa nchi ya wahunzi mashuhuri. Tanuri zao ndefu za udongo, ziitwazo malungu, zilijengwa kupita kimo cha mtu, nazo zilivuta hewa zenyewe bila ya mivukuto. Mabaki ya tanuri hizo yangaliko hadi leo. Masimulizi ya kale yahusisha kazi ya chuma na Milansi, makao ya watawala wa mwanzo wa Ufipa, kabla ya utawala kutwaliwa na ukoo wa Twa na hatimaye kuwako dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Mskoti Joseph Thomson alipita huko mwaka 1880, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1881 aliwataja Wafipa kuwa watu walioshika ukulima na amani kuliko wengi aliowaona njiani. Naye Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu historia ya dola hizo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1981. Jembe, tuta na ulezi vilikuwa mafiga matatu yaliyobeba chungu cha maisha ya nchi hiyo.

Ulezi katika karamu za kale

Ulezi si nafaka ngeni kwetu. Wataalamu wamethibitisha kwamba asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na kwamba kutoka huku ulivuka bahari tangu zamani sana hata ukafika Bara Hindi, ambako hulimwa hadi leo. Punje yake ni ndogo kama ya mchanga, lakini ina sifa kubwa. Ulezi ukikaushwa vizuri huweza kukaa ghalani miaka kadhaa bila ya kubunguliwa na wadudu. Hali kadhalika, una madini ya kujenga mifupa yaitwayo kalisi, mara nyingi zaidi ya yale yaliyomo katika mahindi au ngano. Sifa ya kwanza iliufanya kuwa akiba ya njaa. Ya pili hawakuijua kwa jina, ila waliiona katika watoto wao.

Twafaa kukumbuka pia kwamba katika Kiswahili neno ulezi lina maana mbili: nafaka hii, na kazi ya kumlea mtoto. Hatusemi kwamba maneno hayo yametoka katika shina moja, lakini mshairi anayeyasikia hawezi kuacha kuyafikiri pamoja, kwani vizazi vingi vililelewa kwa uji wa ulezi.

Katika karamu, ulezi ulikuja kwa sura tatu. Ya kwanza ni ugali. Wanawake waliusaga ulezi juu ya jiwe, wakausonga unga wake hata ukatoka ugali wa rangi ya hudhurungi iliyokoza, wenye harufu ya pekee na ushibishao kwa muda mrefu. Kitoweo chake kilikuwa maharage, majani ya kunde, nyama, au samaki waliopandishwa kutoka ziwani, kama vile migebuka na dagaa wa Kirando na Kasanga. Sura ya pili ni uji, kinywaji cha watoto, wazazi na wazee. Sura ya tatu ni pombe. Ulezi uliloweshwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa na kusagwa kuwa kimea, na kimea hicho ndicho kilichoivisha pombe.

Pombe hiyo haikuwa ya kulewa ovyo. Ilikuwa kifungo cha jamii. Mtu aliyekuwa na shamba kubwa la kutengeneza intumba hakuajiri vibarua. Alipika pombe, akawaalika majirani. Walilima pamoja kwa nyimbo tangu alfajiri, na kazi ilipokwisha walikaa pamoja wakanywa. Kesho yake mwenye shamba naye aliitwa kwa mwingine. Harusi, matanga na sherehe za mavuno, zote zilikuwa na ugali wa ulezi na pombe ya ulezi.

Sasa msomaji na atazame jambo hili kwa makini. Katika vyakula vyote tulivyovitaja, hakuna hata kimoja chenye ngano, wala shayiri, wala jamii yoyote ya nafaka hizo. Mtu ambaye mwili wake haupatani na ngano angeweza kuzaliwa Ufipa, akaoa, akazeeka na kufa bila ya kujua kamwe kwamba alikuwa na kasoro hiyo. Angeketi katika kila karamu, akala na wenzake katika chungu kimoja, na hakuna ambaye angemwuliza neno.

Kuja kwa mahindi na ngano

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mahindi, ambayo asili yake ni Marekani ya kale, yaliletwa pwani ya Afrika na Wareno katika karne ya 16, kisha yakasambaa barani polepole. Ufipa iliyapokea, lakini kwa muda mrefu ulezi uliendelea kuwa mkubwa wa nyumba. Mahindi yaliushinda ulezi hasa katika miaka ya 1970. Mkoa wa Rukwa ulikuwa umeundwa katika miaka hiyo, wananchi walihamia katika vijiji vya pamoja, na serikali ilieneza mbegu bora na mbolea. Mahindi yalinunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji kwa bei iliyokaribiana nchi nzima, hata mkulima wa mbali kama wa Sumbawanga akapata soko. Rukwa ikawa mojawapo ya mikoa minne iliyolilisha taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mahindi nayo hayana kile kitu kilichomo katika ngano kinachowadhuru watu tunaowazungumzia. Kwa hiyo, mwenye kasoro hiyo hakudhurika kwa mabadiliko hayo.

Ngano ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, waitwao pia Mababa Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, ambacho kilikuwa cha Wabelgiji tangu 1879. Kutoka ziwani walipanda juu Ufipa, nayo ikawa moja ya nchi zenye Wakatoliki wengi kabisa. Wamisionari walihitaji ngano kwa mkate wa mezani na kwa hostia ya altare, na baridi ya uwanda ule iliifaa ngano. Wakulima wa Ufipa hulima ngano hadi leo. Baadaye wafanyabiashara wa Kihindi na wa pwani walifungua maduka, na pamoja nao zikaja chapati, mandazi na sambusa. Taifa nalo lilitia nguvu. Kuanzia mwaka 1970 hivi mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Hanang kwa msaada wa Canada. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ngano tunayokula imekuwa ikitoka nchi za nje. Katika miaka ya 2010 barabara ya lami kutoka Tunduma ilifika Sumbawanga, na magunia ya unga mweupe yakafika kwa urahisi zaidi.

Ngano haikuja kama chakula tu, ilikuja na cheo. Mkate ulikuwa chakula cha mzungu, cha padri, cha mwalimu na cha karani. Mwananchi aliyetaka kuonyesha kwamba ameendelea aliwapa wageni wake chai ya maziwa na mandazi, na kijana aliyekunywa uji wa ulezi alichekwa na wenzake kuwa ni mshamba. Siku hizi harusi bila ya keki huonekana pungufu. Wakwe hulishwa kipande cha keki mbele ya watu, chapati hutangulia, na bia ya chupa, ambayo hutengenezwa kwa shayiri, imechukua mahali pa pombe ya ulezi. Hivyo katika muda usiozidi maisha ya wazee wawili, karamu ya Ufipa iligeuka kutoka karamu isiyo na ngano kabisa hata ikawa karamu ambayo ngano ndiyo heshima yake.

Maradhi yasiyopatana na ngano

Yapasa sasa tueleze maradhi yenyewe. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Hiyo ndiyo inayoufanya unga wa ngano ulioumuliwa unyumbuke na kuvimba, jambo ambalo unga wa ulezi hauwezi. Kwa watu wengi gluteni haina neno. Lakini kwa watu fulani, waliozaliwa na mwelekeo huo katika damu ya ukoo wao, gluteni huufanya mwili ujipige wenyewe. Vinyweleo vidogo vya utumbo, ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula, huharibika. Mtu hula lakini hafaidiki. Huweza kuharisha, kuvimba tumbo, kukonda na kupungukiwa damu, na mtoto huweza kudumaa. Maradhi hayo huitwa seliaki.

Daktari Samuel Gee wa London aliyaeleza mwaka 1888 na kusema kwamba tiba yake lazima iwe katika chakula, ingawa hakujua ni chakula gani kilicho adui. Aliyeligundua hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa amekwisha kuitilia shaka ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa kuu ya majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, wakati wa vita, mkate ulipokosekana nchini mwake, watoto wengi walidhoofika, lakini wale wagonjwa wa seliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Aliandika matokeo ya utafiti wake mwaka 1950, na tangu hapo dawa imebaki ile ile: kuacha ngano, shayiri na rai kwa maisha yote.

Katika nchi za Ulaya hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 100 ana maradhi haya, na wengi wao hawajijui. Wala hayaihusu Ulaya peke yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 juu ya watoto wa Kisahrawi, Waafrika wa Sahara ya Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi, ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 zaidi ya 5 walikuwa na seliaki. Wazee wa watu hao walikuwa wafugaji walioishi kwa maziwa na nyama ya ngamia. Mkate wa ngano uliingia kwao baadaye, ukawa chakula cha kila siku. Mfano huo watuonya kwamba chakula kigeni kikichukua mahali pote pa chakula cha asili, huenda kikafichua udhaifu ambao haukuonekana hapo kwanza.

Ni vyema kuonya pia kwamba si kila aumwaye tumbo ana seliaki. Mwenye shaka na aende hospitali, tena aende kabla hajaacha kula ngano, kwa kuwa kipimo cha damu hakionyeshi vizuri kwa mtu aliyekwisha kuiacha.

Mgeni katika karamu ya leo

Tumfikirie mgeni mwenye maradhi hayo, aliyealikwa harusini mjini Sumbawanga. Asubuhi hupewa chai na mandazi, anakunywa chai. Mchana huletewa pilau, nyama, maharage na chapati. Huiacha chapati na kula pilau, kwani mchele hauna gluteni. Lakini je, mchuzi haukuzidishiwa uzito kwa unga wa ngano? Viazi havikukaangwa katika mafuta yale yale yaliyokaangiwa sambusa? Kijiko kilichopakua chapati zilizokatwa hakikutumbukizwa katika sufuria ya nyama? Chembe ndogo tu yatosha kumdhuru. Jioni ananyimwa raha ya bia, na keki inapofika kwake yeye hukataa, watu wakamtazama. Mmoja husema ana maringo, mwingine husema ana woga wa kurogwa, na wa tatu, kwa wema, humshurutisha aonje kidogo tu.

Hata ulezi wenyewe una mtego siku hizi. Unga wa lishe uuzwao madukani mara nyingi ni mchanganyiko wa ulezi, mahindi, soya na karanga, na wengine huutia ngano ndani yake. Mashine ya kusaga iliyosaga ngano ya jirani, kisha ikasaga ulezi bila ya kusafishwa, huchanganya pia. Kwa hiyo haitoshi kusema, huu ni ulezi. Yapasa kujua umesagwa wapi na umechanganywa na nini.

Jambo hili ni zito zaidi kwa mwanafunzi wa bweni. Mtu mzima anaweza kuondoka karamuni akaenda kula kwake. Mwanafunzi aliye na mkate au maandazi kila asubuhi, na asiye na fedha ya kununua kingine, ana mambo mawili ya kuchagua: kukaa na njaa au kuugua. Mwalimu anayemwona mtoto anakonda, tumbo limevimba, na hasikii masomoni, asiharakishe kumwita mvivu.

Mila yetu yatufundisha nini

Je, kumhudumia mgeni wa namna hii ni desturi ya kigeni? Sisi twasema sivyo. Jamii zetu zimejua tangu zamani kwamba si kila mtu hula kila kitu. Koo nyingi zilikuwa na miiko yao: huyu hali nyama ya mnyama fulani, yule hali samaki wa namna fulani. Mtu akisema, hicho ni mwiko wetu, hakuna aliyemwona mwenye maringo, na mwenyeji aliyelazimisha ndiye aliyeonekana hana adabu. Kadhalika, katika sehemu nyingi za nchi yetu, Mkristo anapofanya karamu humwita jirani yake Mwislamu aje kuchinja, ili nyama ile iwe halali kwa wote. Hakuna sheria ya serikali inayomlazimisha kufanya hivyo harusini mwake. Afanya hivyo kwa sababu karamu ambayo jirani hawezi kula si karamu kamili. Huo ni utamaduni wa taifa uliokomaa, nao umejengwa na wananchi wenyewe.

Hata dini, ambayo hushika sana kanuni zake, imetafuta njia. Kanisa Katoliki lataka hostia iwe ya ngano. Lakini mwaka 2003 makao makuu yake huko Vatikani yalieleza kwamba hostia yenye gluteni kidogo sana yakubalika, na kwamba muumini asiyeweza hata hiyo aweza kupokea kwa umbo la divai peke yake. Maelezo hayo yalirudiwa mwaka 2017. Ikiwa altare, ambayo haiwezi kuiacha ngano, imemtafutia mgonjwa nafasi, meza ya harusi ina udhuru gani?

Nayo keki si lazima. Katika harusi nyingi za Tanzania leo huletwa ndafu, yaani mbuzi mzima aliyebanikwa, desturi iliyotoka kwa Wachaga ikaenea kwa watu wengine. Wakwe hulishana nyama ya ndafu kwa shangwe ile ile. Pwani nako kuna vitumbua na mkate wa kumimina, vilivyo vya mchele iwapo mpishi hakutia unga wa ngano. Taifa lina vyakula vingi vya heshima visivyomtenga mtu.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo machache. Mwenyeji aulize mapema: katika wageni wetu, nani hali nini? Swali hilo si la aibu, ni adabu. Chakula cha mgonjwa kipikwe kwanza, kwa chungu na mwiko safi, na kipakuliwe kabla ya vingine kuguswa. Mgeni naye aseme mapema wala asingoje mpaka sahani ifike, na akija na chakula chake mwenyewe asihesabiwe kuwa amemtukana mwenye nyumba. Lakini lililo bora kuliko yote ni kuurudisha ulezi katika meza kuu, uwe chakula cha wote, na usiwekwe pembeni kama sahani ya mgonjwa. Mtu anayekula peke yake chakula tofauti hushiba, lakini bado yu peke yake. Anayekula ugali wa ulezi pamoja na bwana harusi, wazee na watoto, huyo amekaribishwa.

Hatuipigi vita ngano. Mkulima wa Ufipa anayeilima apate bei nzuri, na apendaye chapati ale. Wala hatukatai kwamba ulezi una kazi nyingi: palizi yake ni ya taabu, mavuno hukatwa suke kwa suke, na bei yake sokoni aghalabu hupita ya mahindi. Tunalolikataa ni dharau. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, aliwataka wananchi waache kuona haya kwa vitu vyao wenyewe, na mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilileta shamba katika shule. Umoja wa Mataifa nao uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi, mtama na uwele. Dunia imeanza kukitafuta kile tulichokiacha. Mwalimu wa Ufipa anaweza kuwapeleka wanafunzi wake shambani, wakatengeneza intumba pamoja na mzee anayeijua kazi hiyo, wakavuna ulezi wao, na siku ya mahafali wakawakaribisha wazazi kwa ugali wake. Hapo watakuwa wamejifunza historia, kilimo, afya na adabu kwa siku moja.

Twamaliza kwa beti moja, ili vijana waweze kuukumbuka wosia huu:

Mgeni ajapo kwako, mpokee kwa uzuri,
Umuulize mwenzako, alacho na cha hatari,
Ulezi wa shamba lako, usiuone dosari,
Karamu yenye fahari, kila mja ashibako.